Mtani Aliyenipima Kaburi

Jumatatu, 4 Januari 1993

Daftari hili kaniletea mwanangu Wilibrodi. Kasema, "Mama, ukitaka kugombana, gombana humu. Wodini kuna wagonjwa." Haya, nagombana.

Leo nimepimwa kwenye mzani wa mahindi. Mimi, Cornelia, mwenye duka Milanzi, ninayenunua mahindi kuanzia Mpui mpaka huku, nimepandishwa kwenye mzani wa magunia kule stoo ya hospitali, eti kwa sababu mshale wa mzani wa wodini uligonga mwisho ukabaki unatetemeka. Vibarua walisimama na mizigo mabegani wakitazama. Mmoja akasoma kwa sauti, kama anavyosoma siku zote: "Gunia moja na madebe mawili!" Yesu na Maria! Miaka yote hii nawapimia watu mahindi yao, sikuwahi kufikiri gunia linajisikiaje.

Kilichonileta ni ngiri ya kitovu. Siku ya Krismasi ilibana, nikatapika mpaka macho yakaona giza. Dakta Eustaki akairudisha ndani kwa kuisukuma na mikono yake, nami nikapiga kelele hadi walinzi wakaja. Leo kaniambia wazi, bila hata kuzungusha. Ikibana tena ikagoma kurudi, utumbo utaoza na nitakufa. Daktari bingwa wa kupasua anakuja kwa ndege ndogo mara moja tu, mwisho wa masika.

"Basi anipasue," nikasema.

"Akikupasua ulivyo sasa, Mama Wilibrodi, utafia kitandani. Mapafu yataziba kwa sababu hutaweza kuinuka. Tuna msimu mmoja wa kukuandaa."

Nilidhani kuandaliwa ni vidonge.

Jumanne, 5 Januari

Si vidonge. Ni kikao! Wamekaa watu watatu kuzunguka kitanda changu, nami katikati, wakanijadili. Dakta Eustaki, aliyerudi juzi tu kutoka masomoni na mambo mapya. Sista Adela, wa chakula, ambaye pia eti ni wa "mazungumzo". Na kijana mrefu, mtaalamu wa viungo, anaitwa Masalu. Kila Jumatatu watakuwa wanakaa hivyo. Sijawahi kuona. Tangu lini ugonjwa mmoja ukatibiwa na kamati?

Wametoa masharti mawili. Debe moja liondoke kwenye mzani. Na niweze kukaa sakafuni, chini kabisa, kisha niinuke mwenyewe bila kushikwa na mtu.

Masalu akaniuliza, "Mama, mara ya mwisho kuinuka chini mwenyewe ilikuwa lini?"

Nimeshtuka mimi mwenyewe. Kanisani nakaa benchi, dukani nakaa kiti, shambani siendi. Sikumbuki.

Alhamisi, 7 Januari

Mvua. Kabichi. Maharage yasiyo na mafuta.

Jumamosi, 9 Januari

Masalu kaniuliza kabila. Nikamwambia mimi Mfipa, nani mwingine anaweza kuzaliwa huku? Akapiga makofi. "Kumbe mtani wangu! Mimi Msukuma, kwetu Milepa, wazee walishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga." Kisha hapo hapo akachukua kigoda changu, kile nilichotoka nacho nyumbani ninachowekea miguu, akaondoka nacho.

"Wewe! Rudisha!"

"Kifuate barazani, mtani."

Nikaita manesi. Wakacheka. Ndiyo balaa la utani hilo, mtani anakuchukulia kitu chako, anakutukana mbele za watu, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa mtoto. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusomea kazi ya hospitali akatumia utani kama dawa.

Nilikaa mpaka saa nane. Miguu ilivimba kwa kukosa kigoda. Nikainuka, nikajiburuza kwa kushika vitanda vya watu hadi barazani, nikakikalia palepale nikihema. Nikamtukana Masalu, ng'ombe wake na ukoo wake. Alifurahi sana.

Jumatatu, 11 Januari

Kigoda kimehamia kwenye mlango wa maabara.

Jumanne, 19 Januari

Kashfa! Mzani haujashuka hata kidogo. Sista Adela kanitazama kwa upole ule wa kitawa unaouma kuliko kofi. Nikaapa mbele ya msalaba kwamba sijala kitu kisichotoka jikoni kwake. Na ni kweli.

Ndipo akaona dumu chini ya kitanda. Dada yangu Coleta ananiletea togwa ya ulezi kila asubuhi, dumu zima, nami nalimaliza kabla jua halijazama. Sista akauliza na hili je? Nikamwambia hiyo ni togwa, Sista, si chakula, ni ya kukata kiu. Akakaa kitandani. Wakaitana wote watatu kama kuna moto.

Dakta Eustaki akaeleza kilichomo ndani ya lile dumu. Eti nilikuwa nakunywa ugali wa watu wanne kila siku! Na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu hata Dakta na Sista, Wafipa wenyewe, hawakufikiria togwa. Jikoni wote wanainywa. Dakta naye alikuwa na kikombe chake ofisini, nilikiona.

Jumanne, 2 Februari

Ngurumo mchana kutwa. Leo nimefuata kigoda hadi kwenye mti wa mkaratusi karibu na kanisa dogo. Sikushika ukuta.

Jumatatu, 8 Februari

Zoezi la sakafuni. Wametandika mkeka. Nimekaa vizuri, lakini kuinuka nimeshindwa. Masalu alisimama juu yangu kama mchungaji, anasema polepole, "Geuka ubavu. Goti. Mkono. Pumua. Sukuma." Niligeuka ubavu nikabaki hapo hapo, khanga imepanda, wagonjwa wanatazama. Nikalia. Nikamwambia aniinue, akakataa. Nikamwambia Mungu atamlaani, akakataa vilevile. Mwishowe Dakta na manesi wakaninyanyua.

Nasema hivi, mtu mzima hawekwi chini. Nimemwambia Sista sirudi kwenye ule mkeka hata waniue.

Jumapili, 21 Februari

Coleta amekuja baada ya misa, uso umemshuka. Kanivuta pembeni.

"Dada, wateja wamepungua."

"Kwa nini? Sukari ipo, mafuta yapo."

"Wanakuulizia. Wanasema umeanza kukonda." Akashusha sauti. "Wanasema ni huo ugonjwa."

Nimehisi kama nimemwagiwa maji ya mtungini. Mwili wangu ndio uliokuwa tangazo la duka! Watu waliingia wakisema, "Mama Wilibrodi umenawiri, basi kwako kuna vitu." Sasa nimepungua kidogo tu, khanga inazunguka vizuri, tayari wamenizika. Nimefunga sanduku langu. Kesho narudi nyumbani.

Jumatatu, 22 Februari

Sijarudi. Sista Adela amekaa nami tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Nilidhani atahubiri. Aliuliza swali moja tu, lini nilianza kuogopa sahani tupu.

Nikamwambia, kwa hasira, maana sikutaka kuulizwa. Ilikuwa wakati ule wa foleni, sukari hakuna, sabuni hakuna, unga wa kuvizia. Ndipo akafa mume wangu. Watu walikuja msibani kutoka vijiji vyote, na sikuwa na kitu cha kuwapa. Walikunywa uji wa chumvi. Shemeji mmoja alikimwaga nje kikombe chake, nikamwona. Mambo yalipokuja kuwa ruksa, maduka yakajaa, niliapa kwamba kwangu hakuna kitakachopungua tena, si stoo, si sufuria, si mimi.

Sista alinishika mkono. Nimelia jamani, sijalia hivyo tangu siku ile yenyewe.

Kisha akamwita Coleta na Wilibrodi, akawaeleza ngiri ni nini na kwa nini napunguzwa, ili wakiulizwa dukani wajue cha kusema. Wilibrodi kasema atamjibu kila mtu kwa sauti kubwa. Ninamjua, atawajibu na wasiouliza.

Jumatano, 24 Februari

Jumatano ya Majivu. Watu wanaanza kufunga leo. Mimi nimefunga tangu Januari na hakuna aliyenipaka majivu.

Jumamosi, 6 Machi

Leo nimefanyiwa matanga nikiwa hai.

Nilikuwa nimelala baada ya uji nikasikia vilio mlangoni. "Uuuwi! Mtani wetu kafa! Mtani wetu kaenda!" Nikainuka kwa mshtuko, nikadhani mgonjwa wa kitanda cha dirishani amefariki. Kumbe ni mama yake Masalu, na wanawake wenzake wa Milepa waliopanda kuja kuuza samli sokoni. Mama mwenyewe mrefu, mkavu, miguu ya kutembea, meno machache na sauti ya kuita ng'ombe. Masalu yuko nyuma yao, kajifunga shuka kichwani, analia machozi ya uongo.

Mama akaja moja kwa moja kitandani kwangu na kamba ya katani. Akanipima! Urefu, kisha upana, akageuka kwa wenzake.

"Jamani, kaburi hili litakula shamba zima la mahindi! Nani atachimba? Vijana wetu watakufa wao kwanza!"

Wodi nzima ilivunjika kwa kicheko. Hata yule wa dirishani, ambaye hajaongea tangu aletwe.

Nami sikukubali. Mtani akikutupia unamrudishia. Nikasimama, nikamnyooshea kidole mbele ya watu wote. "Nyie wala maziwa! Mkinichimbia kaburi, mimi Mfipa, nitawatumia radi huko huko Milepa, iwachome na ng'ombe wenu!"

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Sakafuni, hivyo tu, akakaa, akafuta machozi, akainuka kama hakuna kitu. Nilimtazama jinsi alivyoinuka. Mtu wa umri wangu!

Alipoaga akanifungia ile kamba kwenye chuma cha kitanda. "Hii ni yako. Mwanangu atakuwa anakupima. Usiponipunguzia kazi ya kuchimba, nakuja kukuzika hivyo hivyo kwa vipande." Kisha akanipa kibuyu kidogo cha maziwa mgando. Sista Adela akakichukua kabla sijafungua.

Jumatatu, 15 Machi

Nimerudi kwenye mkeka. Goti limefika. Mkono umefika. Kusukuma, bado.

Masalu kanipima kiuno, kafunga fundo jingine kwenye kamba pale kilipoishia. Mafundo yanazidi kusogea.

Jumamosi, 27 Machi

Mvua inanyesha, mto umejaa, barabara ya bondeni mbovu. Mahindi mabichi kila mahali, harufu ya kuchoma inaingia dirishani. Nimekula hindi moja. Moja! Nimelitafuna kila punje.

Jumatatu, 5 Aprili

Debe limeondoka! Nimepimwa tena stoo, vibarua wale wale. Yule wa kusoma kasoma, kisha wakapiga makofi na viganja vyao vya vumbi. Sikujua niweke wapi uso.

Lakini mkeka bado. Dakta anasema sharti la pili ndilo kubwa kuliko la kwanza. Bingwa anafika Jumatatu ya tarehe kumi na tisa. Kwenye kikao nimesikia Masalu akinitetea. "Nguvu anazo. Anaogopa kuonekana." Nikamwambia nyamaza, Msukuma wewe, unajua nini. Lakini amejua.

Jumatano, 14 Aprili

Sijui naanzaje.

Jana jioni kulikuwa na ngurumo ambazo zilitingisha vioo. Leo asubuhi tumekaa tunasubiri mazoezi, Masalu haji. Akaja Dakta Eustaki badala yake, akasimama katikati ya wodi, akasema Masalu ameondoka alfajiri kwenda kwao. Mama yake alikuwa anaingiza ndama zizini, radi ikampiga. Amefariki pale pale.

Radi.

Kisha kichwa kimoja kikageuka kunitazama, kikafuata kingine, mpaka wote. Yule wa dirishani akavuta shuka akajifunika uso. Nesi aliyekuwa ananifunga mkanda wa tumbo, ule wa kuizuia ngiri, akaachia mikono.

Nilisema. Mbele ya wodi nzima, na kidole nimekinyoosha. Ee Mungu wangu, nilisema! Ulikuwa utani, lakini nilisema radi, nikataja Milepa, nikataja na ng'ombe. Na mimi Mfipa. Kuna mtu Sumbawanga hii asiyejua kwamba Wafipa tunasingiziwa kurushia watu radi kwa uchawi?

Nimetapika. Si ngiri, ni hofu.

Mchana Wilibrodi amekuja mbio. Sokoni tayari wanasema. Wale wanawake wa samli walisikia kila kitu siku ile, na bondeni maneno yamekwisha fika. "Mama, usitoke humu ndani. Wajomba zake Masalu wana fimbo. Kuna kikongwe kule walimfukuza na kumchomea nyumba kwa kisa kidogo kuliko hiki." Dakta naye kakataza, kwa sababu nyingine. Barabara mbovu, ngiri inaweza kubana njiani, na bingwa anafika Jumatatu.

Nimefikiri kutwa. Nisipokwenda, nimekiri. Na liko jingine linalonikaba zaidi ya hilo. Yule mama alikuja kunililia nikiwa hai. Sasa amekufa yeye, na mtani wake ni mimi. Atazikwa bila mtani? Watu watakaa pale kaburini na huzuni tupu, hakuna wa kuwachekesha? Mimi najua msiba wenye aibu ulivyo.

Nimemwambia Wilibrodi alete lori kesho alfajiri. Kakataa. Nimemwambia basi nitatembea. Kanitazama, akaona nasema kweli.

Ijumaa, 16 Aprili

Jana sikuandika. Mikono ilikuwa na tope.

Sista Adela ndiye aliyenifunga mkanda alfajiri, akaukaza vizuri, hakusema nenda wala usiende. Nilichukua ile kamba kutoka kitandani, nikajifunga kiunoni juu ya khanga nyeusi. Tukashuka mlima na lori taratibu, Wilibrodi ameuma meno. Chini bondeni, kabla ya Milepa, mto ulikuwa umekata barabara. Lori halipiti. Watu wanavuka kwa miguu kwenye mawe kisha wanafuata njia ya ng'ombe.

Nikashuka.

Nilitembea, jamani. Tope lilikuwa linanivua viatu, nikavibeba. Nilipumzika kwenye kila kichuguu. Wilibrodi alitaka kunishika nikamkatalia, nikamwambia abebe mwavuli. Nilikuwa nasikia tu sauti ya yule kijana kichwani, pumua, sukuma, na nilimchukia na kumwonea huruma kwa pamoja.

Tulipofika, vilio vikakatika. Haki ya Mungu, vilikatika ghafla. Wanaume walikuwa wamesimama na fimbo kando ya zizi. Masalu kakaa chini, kichwa kimenyolewa, hakuinua macho. Baba yake mkubwa, Mzee Mboje, akaja mbele.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. "Huyu ndiye?"

Wanawake wa samli wakaitikia kwa vichwa kwamba ndiye.

Wilibrodi alinivuta khanga. Nikaona upande wa pili vijana wanachimba kaburi, limefika magotini tu, wamesimamisha majembe wananitazama. Sikufikiri tena. Nikapita katikati ya wale wenye fimbo, nikafika pale, nikakaa ukingoni, nikajitelezesha, nikalala chali ndani ya kaburi.

Ulitoka mguno kwa watu wote. Tope lilikuwa baridi mgongoni. Niliona mawingu tu, na nyuso zikija kuchungulia moja moja. Nikapaza sauti, sauti yangu ya dukani.

"Sitoki! Mtani wangu ni mwongo! Alikuja kunipima mimi, kamba hii hapa, kumbe anajitafutia kaburi lake! Shimo lenyewe jembamba, mmechimba kwa kijiko? Sitoki mpaka nilipwe ng'ombe!"

Uso wa Mzee Mboje ukaja juu yangu, na fimbo yake.

"Ni wewe uliyetuma radi?"

Aliuliza hivyo, wazi, mbele ya watu wote, hakuficha. Na mimi nimelala kaburini. Nilimjibu kilichonijia.

"Mzee wangu, mimi ningekuwa na uwezo wa kutuma kitu, ningeituma hii nyama yangu. Ningeiambia itangulie nyumbani ikanisubiri, nisingetembea nayo kwenye matope yenu haya kuja kumlilia mama huyu. Alinicheka, akanipa maziwa. Nimemlilia njia nzima. Radi ni ya Mungu. Mimi nina kilo tu."

Alianza mama mmoja wa samli. Alijizuia, akashindwa, kikamtoka kicheko chenye kilio ndani yake. Akafuata mwingine. Mzee Mboje akachomeka fimbo yake ardhini.

"Marahaba," akasema. "Mpeni ndama. Yule aliyekuwa anamwingiza zizini. Sasa toka, mtani, tumzike mke wa ndugu yangu."

Vijana wawili wakainama kunivuta.

"Msimshike!"

Ni Masalu. Alikuwa amesimama ukingoni. Nilidhani ananichukia, anataka nibaki humo. Uso wake umekauka. Akasema polepole kama kule wodini.

"Geuka ubavu."

Nikageuka.

"Goti." Sauti yake ikakatika. Akaitafuta. "Mkono, mama. Pumua."

Watu wote wa Milepa walikuwa wananitazama, khanga imepanda, tope mpaka kwenye nywele. Hakuna aibu niliyobakisha, yote ilikuwa imeishia kwenye shimo lile.

"Sukuma."

Nikasukuma. Ardhi iliteleza, goti likauma, nikapiga ukelele ambao sijui ulikotoka. Nikasimama. Nilisimama mwenyewe ndani ya kaburi la mama yake, kisha nikapanda ukingoni kwa goti na mkono, hakuna aliyenigusa. Masalu akaniangukia begani akalia kama mtoto mdogo. Wajomba zake wanasema alikuwa hajatoa chozi tangu afike.

Tukamzika. Kamba na ndama nikamwachia Masalu.

Jumatatu, 19 Aprili

Dakta Eustaki hakunisemesha siku mbili. Leo kikao, na bingwa yumo, mzee mfupi mwenye miwani, ndege yake imetua saa nne. Akasoma makaratasi. "Uzito, sawa. Kuinuka kutoka chini?" Dakta akanigeukia, maana hajaniona nikiinuka.

Nikatoka kitandani, nikakaa sakafuni, nikainuka. Sikungoja kuambiwa geuka.

Yule wa dirishani akasema, "Haya." Ndilo neno la kwanza ananiambia tangu radi.

Jumanne, 20 Aprili

Kesho asubuhi napasuliwa. Naogopa. Nimeungama kwa padre, nimemwandikia Wilibrodi mahali ulipo ufunguo wa stoo.

Jioni nilisikia kelele uani, mlinzi anabishana na mtu. Nikachungulia. Masalu, upara wake unang'aa, kaja kwa miguu kutoka bondeni na ndama jike mwekundu. Kamfunga kwa ile kamba yangu, na mafundo yake yote. Akamfunga kwenye mti wa mkaratusi, mkabala na dirisha langu.

"Mtani! Huyu hawezi kwenda machungani peke yake. Utampeleka wewe, kutwa mara mbili, asubuhi na jioni. Na Wasukuma hatuchungi ng'ombe wa Mfipa."

"Na kamba ya kaburi langu?"

"Kamba ndiyo hiyo, nimeitumia. Ukifa kesho sina cha kukupimia." Alitabasamu, kisha tabasamu likamshinda. "Mama, tafadhali."

Ijumaa, 23 Aprili

Niko hai. Kidonda kinauma kama nimelalia moto. Kitu cha kwanza nilichosikia nilipozinduka ni ndama akilia njaa. Leo Masalu kaja kunitoa kitandani, nikamtukana yeye na ukoo wake, nikageuka ubavu, nikasukuma. Tumefika barazani. Mvua imekatika na nyasi zimejaa uani. Nikashika kamba, nikamfuata ndama.